Mashua ya Fundi wa Makabati

Mume wangu Nchagwa hajawahi kuvua samaki hata mmoja, na bado watu wakipita karakana yake hapa Migori wanakuta mashua imekaa katikati ya vitanda na madawati ya shule. Wanacheka. Wacheke tu. Mimi Phelesia ndiye ninayejua mashua hizo zilianzaje, na nikisikia mtu anaziita wazimu, naweza kumrushia randa.

Yeye ni Mkuria wa Kegonga, mtu wa mahindi na ng'ombe. Mimi ni binti wa Mzee Nashon wa Karungu, aliyekuwa akiunda mashua tangu kabla sijazaliwa. Tulipooana mwaka wa 1961, Nchagwa alileta ng'ombe kwa baba kama inavyotakiwa. Baba akawaacha wasimame juani nje ya boma mpaka jioni, kisha akasema warudishwe walikotoka.

“Wewe mtu wa nchi kavu,” alimwambia Nchagwa, “njoo kwangu kwa maji, ndani ya mashua uliyoiunda kwa mikono yako mwenyewe. Siku hiyo nitapokea ng'ombe.”

Jamani, nilikasirika! Kwetu, ng'ombe wako wasipopokelewa, wewe si mke wa mtu, ni msichana aliyetoroka. Baba alinisalimu kama anavyosalimu mgeni. Na mume wangu, Baba hakumwita *orwa*, yaani mkwe wetu, neno ambalo hata yule mlevi aliyemwoa dada yangu aliitwa kila siku. Nikamwambia Nchagwa tuachane na huyo mzee. Alitoa penseli nyuma ya sikio akaanza kuchora.

Mashua ya kwanza ilimchukua miaka miwili, kila jioni baada ya kazi na kila Jumapili baada ya kanisa. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Nchagwa ni fundi wa makabati, na kabati zuri ni lile ambalo mbao zake zimeshikana hata wembe haupiti. Basi alizikausha mbao mwaka mzima, akazipiga randa, akaziunga vivyo hivyo, kavu na zimebana, akapaka vanishi mpaka ukajiona uso. Tukaipakia kwenye lori, tukaishusha ng'ambo ya ghuba ya Karungu, ikakaa majini siku mbili. Siku ya tatu asubuhi ikaanza kulia, kwa, kwa.

“Inajiweka sawa,” akasema Nchagwa.

Inajiweka sawa! Mbao zilikuwa zinakunywa maji na kunenepa, na hakuwa ameziachia nafasi hata ya uzi. Mtaniuliza, mtoto wa fundi wa mashua sikujua? Sikujua. Kwetu msichana hakukaribia mahali mashua inapoundwa. Tulipofika katikati ya ghuba ubao mmoja ukafura, misumari ikaruka, maji yakaingia kwa fujo. Na huyo bwana hajui kuogelea. Nilimshika kola nikamvuta, huku namtukana kwa Kiluo na kwa Kiswahili, mpaka wavuvi wakatufikia. Baba alikuwa amesimama ufukweni kwake, ameona yote.

“Hilo kabati,” aliwaambia watu, “limekataa kuoga.”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nililia njia nzima ya kurudi Migori. Nchagwa alikuwa amepakata kipande cha ule ubao, anakigeuza huku na huku, anakipima kwa kidole.

Ya pili, mwaka wa 1965, aliacha nafasi kati ya mbao akazishindilia pamba. Lakini ilishinda juani juu ya lori siku nzima, na yeye kwa haraka yake akaitia majini tukapanda papo hapo. Ikavuja kama kikapu. Hatukufika hata mbali, tulirudi tukitembea, maji kiunoni.

“Baba Gesare, basi,” nikamwambia, kwa jina la binti yetu. “Mimi nimekubali kuitwa mtoro.”

“Mimi sijakubali,” akasema.

Baba alikuwa amekataza mtu yeyote asimfundishe, na Karungu hakuna aliyethubutu kumbishia. Basi Nchagwa akawa anapanda lori la samaki Jumapili, anakaa juu ya jiwe kule ufukweni, haulizi kitu, anatazama tu. Miezi ikapita. Siku moja akarudi nyumbani karibu anakimbia. Alikuwa amemwona mzee mmoja akijaza mawe ndani ya mashua yake iliyokauka mpaka ikazama, na Jumapili iliyofuata alipokwenda tena, mashua ile ilikuwa inaelea na haikuvuja hata tone.

“Wanaizamisha wenyewe, Phelesia! Wanaiacha inywe mpaka ishibe!”

Mwaka wa 1967 tukarudi na ya tatu, ndogo kuliko zote, na tanga nililolishona mimi mwenyewe kwa kitambaa cha marekani. Nchagwa aliitia majini, akapanga mawe ndani, akaiangalia ikizama. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imezunguka ghuba nzima: ya Mkuria imezama tena, na safari hii hata haijaondoka! Watu walikuja kutazama. Baba naye akaja, kwa miguu, na fimbo yake. Nilikaza meno nikingoja matusi. Alisimama akiyatazama yale mawe chini ya maji, jinsi yalivyopangwa, mazito katikati na mepesi pembeni. Kisha akageuka akaenda zake.

Siku ya nne tukatoa mawe, tukakomba maji, tukatweka tanga. Upepo ulitusukuma vizuri. Mimi nilikaa na kopo mkononi, tayari kukomba, macho chini, nikingoja maji yaingie. Nchagwa alishika usukani, midomo imekauka, anahesabu mawimbi kwa Kikuria. Tulipita pale tulipozama mara ya kwanza. Kopo lilikuwa bado kavu.

Tulipokaribia ufukweni kwake, Baba alikuwa ameshaingia majini mpaka mapajani, na suruali yake ya kanisani. Aliishika mashua kwa ubavu, akapitisha kidole kwenye maungio yote, taratibu, upande huu na upande ule. Akainama akagusa sakafu ndani, akajitazama kiganja.

“Nani amekufundisha?” akauliza.

“Hakuna, Baba. Nilizama mara mbili.”

Baba alinitazama, akanishika mkono kunishusha, kama alivyokuwa akinishusha nilipokuwa mdogo. Halafu akawageukia ndugu zangu waliokuwa wamesimama mchangani.

“Mbona mnashangaa tu?” akawafokea. “Njooni mshike mashua. *Orwa* amefika.”