Siku Niliyomwambia Nasir Ataje Babu Zake

Kosa langu la kwanza, kabla ya yale mengine yote yaliyofuata kama mbuzi kwenye kijia, lilikuwa kumwambia Nasir ataje jina lake halisi. Nalisema mapema ili tusizungushane, maana nawajua, mtaanza kutafuta mahali pa kunitetea na hapapo. Hata leo nikipita sokoni Garissa vijana wa maduka ya simu wananiita "Hakimu", na wale wabaya zaidi wananiinamia na kusema "asanteni sana mashabiki wangu", nami nashika uchochoro wa pili kama mtu aliyekumbuka hakufunga mlango nyumbani.

Sikusomea filamu mahali popote. Nilijifundisha kwa simu, nikitazama vipande vya kesi za mahakamani katika filamu, kipande kimoja nakirudia mpaka betri inalia, na mara nyingi nilizima sauti ili nibaki na nyuso peke yake (mama alimwambia shangazi yangu kwamba huenda nimeingiwa na kitu, maana ni mtu gani mzima anatazama watu wakigombana kimya kimya). Nilichokigundua, na hapa nilijiona nina akili kuliko mji mzima, ni kwamba wengi hudhani uzuri wa makabiliano ya mahakamani ni kelele, meza igongwe, wakili apaze sauti, mshtakiwa alie. Sivyo. Kinachobaki kichwani ni ule ukimya baada ya swali, na baada ya ukimya kitu kimoja kidogo kisicho na kazi yoyote, ambacho asingekijua mtu ila aliyekuwepo. Mshtakiwa akisema "nilimuua" unaweza usimwamini. Akisema marehemu alikuwa na kifungo kimoja kimekatika, unamwamini, na mwili unakusisimka.

Basi nikaandika kesi yangu. Dereva wa lori la maji, barabara ya Dadaab, amemgonga mtu anayetembea kando ya njia na hakusimama. Kile kitu kidogo nilikitafuta wiki baada ya wiki, naandika nafuta, mpaka adhuhuri moja, nikiwa natawadha, kikaja chenyewe: yule mtu alikuwa amevua kandambili moja akaishika mkononi, anatembea mguu mmoja mtupu. Sijui kilitoka wapi. Kilikuja kimekamilika, kama nimewekewa kiganjani. Niliiona hata rangi yake, kijani, lakini rangi sikuiandika wala sikumtajia mtu, nikihofia kuzidisha.

Tulipigia picha katika ukumbi wa zamani ulio ukingoni mwa mji, ambao Chifu alitupa ufunguo wake. Hautumiwi na mtu siku hizi, wenyewe ni njiwa. Nilichagua saa ya jua kali kwa sababu ya mwanga wa dirisha moja la magharibi, na saa hiyo mji mzima umelala, hata mbwa humwoni, unasikia tu mabati yakialika kwa joto, tak, halafu tak, kama mtu anatembea juu ya paa bila haraka. Kiongozi wa mashtaka alikuwa Mwalimu Mutua, mtu wa Kitui anayefundisha hapa mjini, amevaa joho jeusi aliloliazima kwa kwaya ya kanisa lao. Mshtakiwa alikuwa Nasir, rafiki yangu wa tangu utoto, fundi wa kuchomelea milango. Hakimu nilikuwa mimi, mikono tu ndiyo inaonekana, na nyundo ya Nasir. Nyuma tuliwaketisha vijana wachache wa mtaa wawe wasikilizaji.

Shida ilianza kwenye jina. Mahakamani mtu hutaja jina lake, la baba na la babu, na nilikuwa nimembunia Nasir ukoo mzuri wa uongo. Sasa nyinyi mnajua, mtoto wa Kisomali hufundishwa babu zake kabla hajajua kufunga kamba za viatu, huwataja mmoja baada ya mwingine kama anashuka ngazi. Ukimpa babu wa kubuni ni kama umemvisha kiatu cha jirani. Kila Nasir alipofika kwa yule babu wa uongo macho yake yalikwenda pembeni. Tulirudia, tukarudia, Mwalimu akavua joho akajipepea nalo, na mimi ninayetaka kila kitu kinyooke nikasema neno lenyewe.

"Taja babu zako wa kweli."

Nasir akanitazama. "Warya, we kijana, hiyo si mzuri. Unataka babu yangu abebe damu ya mtu?"

"Damu gani? Ni filamu."

"Wewe unajua ni filamu. Babu yangu anajua?"

Vijana wakacheka. Mwalimu Mutua akasema, "Bwana Nasir, taja tukale. Hata mimi joho hili si langu na Mungu ananivumilia."

Akataja. Jina lake, baba yake, babu yake, akaendelea kushuka hata nilipokuwa simhitaji tena, na sauti yake ikabadilika. Njiwa walinyamaza. Siwatanii, walinyamaza. Mwalimu akauliza, polepole, "Ulimwona?" Kimya. "Ulisimama?" Kimya kirefu kuliko nilichoandika, mabati yakaalika mara moja, ndipo Nasir akasema, "Sikusimama. Alikuwa ameshika kandambili moja mkononi. Mguu mmoja ulikuwa mtupu." Kijana mmoja kule nyuma akasema "Subhanallah" bila kutaka. Nilisahau kugonga nyundo.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi, ndiyo maana linaniuma zaidi. Nilikata kile kipande tu, kuanzia jina mpaka mguu mtupu, nikakituma kwa marafiki wawili watatu waone. Sikuweka maandishi yoyote ya kusema ni filamu, kwa kuwa niliona maandishi yanachafua picha. Na simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye bega la kijana mmoja wa nyuma, picha inatikisika kidogo, kwa hiyo (hili nililipanga, tena nilijivunia) ilionekana kama mtu ameirekodi kesi kwa siri.

Ijumaa kipande kilikuwa kimefika Wajir. Baadaye Mandera, kisha Rhamu. Nasir akanipigia simu kutoka nyumbani kwa mamake mkubwa, ananong'ona. "Watu wa ukoo wetu wananiuliza nimeua nani. Nikiwaambia ni filamu wananiuliza, kwa nini ulitaja babu yetu? Sasa iko watu wametoka Rhamu. Iko mama anasema ile maiti ni kijana yake."

"Maiti ipi? Hakuna maiti!"

"Wewe mwambie hivyo," akasema, na simu ikakatika.

Yule mama anaitwa Hooyo Dahabo. Mwanawe aliondoka Rhamu na vitunguu vya shamba lao la mtoni, akaviuze Dadaab, na hakurudi. Wachungaji waliokota mkoba wake kando ya barabara. Waliokota pia kandambili. Moja.

Nyinyi mnaoishi huku hamhitaji kuelezwa maana yake. Kulikuwa na familia iliyokosa mtu, na kulikuwa na Nasir aliyekiri mbele ya watu kwa jina lake na la babu zake, na akataja kitu ambacho asingekijua mtu ila aliyekuwepo. Hakuna ambaye angemlaumu kijana yeyote wa Rhamu kama angemsubiri Nasir nje ya karakana. Nasir hakufungua karakana tena. Chifu akaita mkutano, pande zote mbili, na kwa kuwa watu walikuwa wengi akaufanya mahali penye nafasi: ukumbi uleule, baada ya sala ya adhuhuri, mwanga wangu uleule wa dirisha.

Niliambiwa nithibitishe. Nilikuwa na uthibitisho, mara zote tulizokosea zilikuwa bado ndani ya simu, lakini sikuwa nimezitazama mpaka mwisho (mtu wa kunyoosha kila kitu hapendi kutazama makosa yake). Chifu akaunganisha simu na spika ya shule, akasema tuzungumze Kiswahili ili Mwalimu Mutua, ambaye ni shahidi, afuate. Ukumbi ukajaa sauti yangu.

"Nasir, lia! Umeua mtu, hukuvunja glasi!"

Halafu mimi, niliyedharau vilio, nikimwonyesha namna ya kulia, sauti nyembamba kama paka aliyefungiwa stoo. Vijana wakaanza kukohoa vicheko. Halafu Mwalimu akisema joho linamwasha. Na halafu, ndugu zangu, sehemu niliyokuwa nimeisahau kabisa: wenzangu wametoka kunywa maji, simu wameiacha kitini bado inarekodi, na mimi nimesimama peke yangu mbele ya viti vitupu, nyundo ya Nasir nimeishika kama tuzo, nasema kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, "Asanteni sana mashabiki wangu. Haikuwa rahisi. Namshukuru mama, ambaye hakuniamini."

Mama yangu alikuwa amekaa upande wa wanawake.

Ukumbi ulipasuka. Hata wazee wa Rhamu walijifunika midomo kwa vilemba. Nilitamani sakafu inimeze, lakini nilitazama nikaona kwamba kicheko kile ndicho kinachomwokoa Nasir, kila anayecheka alikuwa anamwachilia kidogo, kwa hiyo nilisimama palepale nikachekwa. Mtu mmoja tu hakucheka.

Chifu alimtaka Nasir aape, kuapa kwa kweli safari hii, mkono juu ya Msahafu. Nasir akataja jina lake, baba yake, babu yake, akashuka mpaka chini kabisa, akasema hajawahi kuendesha lori wala kumwona yule kijana. Sauti ilikuwa ileile. Ukimya uleule, hata mabati yaliitikia mahali palepale. Nilichojivunia, kwamba tulifika kwenye ukweli, kilikuwa mbele yangu, na sikuweza kutofautisha kiapo na filamu.

Hooyo Dahabo akainuka. Ni mwanamke mdogo wa umbo, alitembea mpaka katikati, palepale nilipokuwa nimemsimamisha Mwalimu.

"Huyu namuamini," akasema, akimwonyesha Nasir kwa kidevu. "Macho yake iko mahali yake." Akanigeukia. "Wewe. Hiyo kiatu nani alikuambia?"

"Hakuna, Hooyo. Nilibuni."

"Kubuni ni nini?"

"Ni... nilifikiria tu. Ilikuja kichwani."

"Ilikuja kutoka wafi?"

Akafungua kitambaa alichokuwa amekishika kifuani tangu mwanzo, akaweka kandambili juu ya meza ya hakimu. Ukanda wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi. "Hii mimi nilishona na mkono yangu," akasema.

Ilikuwa ya kijani.

Najua, najua. Kandambili za kijani zimejaa maduka yote kutoka hapa mpaka mpakani, nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko mnavyoweza kuniambia. Lakini pale sikuweza kuinua macho, na sikusema kwamba rangi ile nilikuwa nayo. Ningesema nini? Nasir alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupumua. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia.

Hooyo Dahabo akasogea karibu. Hakupaza sauti, kwa kweli aliishusha. "Basi wewe mwenye kubuni," akasema, "niambie. Na mguu moja, alikuwa anaenda wafi?"

Nilikuwa nimetazama makabiliano mangapi katika filamu, nikapima ule ukimya, nikadhani ni ufundi, ni kitu unachokiweka kati ya swali na jibu kama chumvi. Hapo ndipo nilipojua. Ukimya unatisha kwa sababu kuna mtu anayesubiri, na anachokisubiri anakihitaji. Mama huyu alisafiri kutoka Rhamu kwa ajili ya maneno machache. Nilitafuta kichwani mwangu, mahali ilipotoka ile kandambili, na hapakuwa na kitu kingine. Nilimfanya yule mtu atembee, nikamvua kiatu, nikamgonga. Alikokuwa anaenda sikuwahi kujiuliza.

"Sijui, Hooyo."

Alisubiri tena. Kisha akakunja kitambaa chake juu ya kiatu, fundo moja, fundo la pili.

"Hujui," akasema, na akarudi kukaa.

Watu wa Rhamu walipeana mikono na ukoo wa Nasir, Chifu akatoa fatiha, Mwalimu Mutua akarudisha joho kanisani akiwa amelifua mwenyewe. Nilifuta kile kipande mbele ya wazee, ingawa mnajua jinsi vitu hivi vilivyo, bado kinazunguka mahali fulani, na kila mara mtu asiyejua hunitumia aniulize kama nimekiona. Nasir alinisamehe baada ya mwezi wa Ramadhani, ila kamera haitaki tena kuiona, na nyundo yake aliichukua.

Bado napiga picha. Kila filamu yangu sasa huanza na maandishi makubwa, mabaya, yanayochafua picha, yanayosema haya yamebuniwa. Majina ya ukoo wa mtu siyatumii. Na kabla sijaandika mtu yeyote afe, kwanza naandika alikuwa anaenda wapi.