Tulipeleka watoto wadogo park ya bei ghali ili wamkumbuke mama yao

Wakuu, nawasalimu. Na kama wengi wenu ni wadogo kwangu, vile najua mko, basi nawasalimu kama watoto wangu.

Nitakayoandika ni mambo nimeona na haya macho. Shule nilienda kidogo tu, kusoma nikamalizia gumbaru, ile shule ya watu wazima, pale kanisani nikiwa tayari nimezaa, kwa hivyo mkikuta herufi imepotea mnivumilie. Majina siwezi kupoteza. Majina ya watu nashika yote, hata ya wale nilikutana nao siku moja.

Nimeona hapa kuna kijana ameuliza swali. Watoto wake ni wa miaka miwili na mitatu. Awapeleke ile park kubwa ya michezo, na hoteli siku tatu, ama angoje wakue? Wengi mmemjibu, peleka mkuu, make memories, wapate kumbukumbu.

Nilisoma hiyo "memories" nikaweka simu chini. Nimeichukua tena leo.

Msichana wangu wa mwisho aliitwa Kinya. Alikuwa anauza kwa duka la dawa za mifugo na mbegu pale Embu mjini, na alikuwa amepanga nyumba Dallas, mtaa wa hapo hapo Embu. Alikuwa na watoto wawili. Nkatha, miaka mitatu na nusu, huyo alipewa jina langu. Mwenda, mwaka mmoja na miezi, ndio alikuwa ameanza kutembea kama mtu amelewa. Baba yao, Ireri, alienda mapema na hajarudi, na kwa hii story hana kazi.

Kinya akapata saratani.

Nilitoka nyumbani Nkubu nikaja kukaa naye Embu. Nywele zikaisha. Mwili ukaisha. Siku moja daktari akamwambia, mama, sasa enda nyumbani ukae na watoto wako.

Nyinyi mnajua hiyo maana yake. Na yeye alijua.

Hakulia. Alifika akapikia watoto uji, akangoja upoe, akawapa. Halafu akasema, "Mami, nataka kupeleka watoto kwa ile park."

"Park gani?"

"Ile ya Nairobi. Iko na treni, iko na maji, iko na hoteli. Tunakaa siku tatu."

"Na pesa?"

"Zile za kujenga."

Alikuwa ameweka pesa miaka mingi ajenge nyumba ndogo huku Meru, kwa kipande cha shamba nilimkatia.

Nikamwambia, "Kinya, hawa watoto hata ukiwapeleka mbinguni watarudi waulize uji."

Akacheka. Alikuwa bado anaweza kucheka. Kisha akasema, "Na hiyo nyumba, mami, namjengea nani?"

Nikaanza kukusanya vikombe vya uji. Yeye akaendelea.

"Nataka Nkatha anikumbuke. Akiwa mkubwa aseme, kuna mahali mama alinipeleka. Mimi si nakumbuka ukinipeleka show ya kilimo ya Meru? Ulininunulia muwa, ukanibeba mahali pa matope. Nakumbuka mpaka leso ulikuwa umejifunga."

Wakuu, siku hiyo ya show Kinya alikuwa darasa la pili. Mtoto wa darasa la pili anashika. Mtoto wa miaka mitatu hashiki kitu. Nimelea sita, najua. Lakini utaanzia wapi kumwambia mtu kama huyo hivyo?

Nikasema, "Twende. Atakumbuka."

Tulikodisha gari ya Njeru, jirani yake pale Dallas, mtu mpole sana, alikuwa anasimamisha kila Kinya akiinua mkono atapike. Tulifika jioni. Hoteli ilikuwa nzuri, sitadanganya. Nkatha akapata pazia refu la dirisha, akaingia nyuma yake, akatoka, akaingia, akatoka. Mwenda akamfuata. Walicheka na hilo pazia mpaka wakalala. Kinya alikuwa amelala kitandani akiwatazama, na mimi nikafikiria, huyu angeweza kununua pazia.

Kesho yake tukaingia park.

Sasa niwaambie kitu hamuoni kwa matangazo. Kila mchezo uko na ubao mlangoni, umechorwa twiga, na shingoni mwa twiga kuna mstari. Mtoto asipofika huo mstari haingii. Msichana aliyekuwa hapo aliitwa Mercy, alikuwa ameandikwa jina kifuani na herufi ndogo, nikamwomba anisomee. Nkatha akasimama kwa ubao. Akasimama na vidole. Kichwa kilikuwa mbali na mstari.

"Pole cucu, hajafika," Mercy akasema, akiniita kama bibi yake.

Tukaenda mchezo wa pili, twiga. Wa tatu, twiga. Tiketi tulikuwa tumenunua ile ya kuingia kila mahali.

Kilichobaki ni treni ndogo ya kuzunguka maua, na dimbwi la maji ya magotini, na siku hiyo kulikuwa na baridi.

Halafu akaja mtu amevaa kama simba, kichwa kikubwa hivi, anacheza. Alikuwa anafikiri anatufurahisha. Mwenda alinikaba shingo. Nkatha alipiga nduru akajikojolea hapo hapo, mbele ya watu, na gauni mpya Kinya alikuwa amemnunulia Embu.

Nilikuwa na mtoto mgongoni, mwingine kwa mkono, mfuko wa nguo begani, na mfuko wa dawa za mama yao. Kinya yeye alikuwa anatoka benchi moja anaenda kwa ingine. Anapumzika, anainuka, anashika simu. "Nkatha, tazama mama! Mwenda, huku! Mami, mgeuze kidogo." Anapiga picha. Anakaa tena.

Saa sita hivi nikamwona Nkatha amechuchumaa kando ya choo. Amepata mchwa. Mchwa wa kawaida, kama hawa wetu wa Nkubu, wamebeba vitu vyao wanaenda. Alikaa nao nafikiri nusu saa. Kwa hiyo siku yote ya park, hicho tu ndicho alifurahia, wakuu.

Kinya akamwona. Akaniuliza polepole, "Mami, nimewaleta Nairobi waone mchwa?"

Nikamwambia, "Wacha waone. Kesho watapanda treni."

Siku ya pili wakapanda treni. Niliingia nao, kwa sababu wadogo hivyo hawaendi peke yao, na Kinya kiti kile kidogo kingemuumiza. Treni ikasimama ili watu wapigwe picha. Kuna bwana wa pale wa kupiga picha, anaitwa Wafula, kofia nyekundu, anapiga na kamera kubwa halafu unaenda kununua.

Wafula akamwangalia Kinya amesimama chini na simu yake. Akamwambia, "Mama, tangu jana nakuona unapiga wengine tu. Hebu ingia hapo katikati ya watoto, nikupige na wewe."

Kinya akashika kitambaa cha kichwa, akakivuta mbele. Halafu akanitazama.

Hakukataa. Hii ndiyo nataka mshike. Hakusema hapana. Alinitazama vile alikuwa ananitazama akiwa mdogo, akitaka kitu kwa duka na anaogopa kuomba.

Na nyuma yetu kulikuwa na foleni. Kulikuwa na mama mmoja amevuta mtoto wake akamweka upande ule mwingine, mbali na Kinya, kama ugonjwa unaruka. Wengine wanamtazama wanatazama chini. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa.

Nikasema, "Wacha tu, bwana. Huyu ni mgonjwa."

Nilisema kwa sauti. Watu wote wakasikia.

Wafula akasema, "Pole sana, mama," akateremsha kamera.

Kinya akasema, "Ni sawa. Mimi niko sawa hapa." Akainua simu yake. "Mami, shika Mwenda vizuri. Nkatha, nitazame."

Akapiga.

Watu wa kanisa nikiwaambia hii story nasema nilimhurumia, sikutaka achoke. Hapa hamnijui, kwa hivyo nitasema vile ilikuwa. Niliona haya. Msichana wangu mwenyewe, niliyemnyonyesha, niliona haya watu wamwone.

Sijui kama aliona. Nafikiri aliona. Hatukuongea juu yake. Tulikula chipsi, Mwenda akaharisha usiku wote, na siku ya tatu hatukutoka kwa chumba. Njeru akaja kutuchukua.

Wiki hiyo tulirudi Kinya alienda studio moja Embu, akatoa picha zote za safari, akaweka kwa album ya kijani. Alikaa nayo kitandani akimfundisha Nkatha. "Hapa ni wapi?" Nkatha anasema, "Kwa pazia." Mama yake anacheka. "Hapana, ni kwa park. Nani alikupeleka?" "Mama." "Vizuri."

Kila siku alimuuliza hivyo. Nani alikupeleka? Mama.

Alikufa kabla ya mvua kuanza. Tulimzika Nkubu, kwa kile kipande cha kujenga.

Nikachukua watoto. Mwanzo Nkatha alikuwa anamtafuta, anaenda mpaka mlangoni anasimama. Baadaye akaacha. Mimi niliona siku aliacha, na sikujua nifurahi ama nilie. Mwenda aliniita mami, kwa vile ndivyo alisikia Kinya akiniita. Mpaka leo mimi ndiye mami.

Mtauliza, kwani hakuna picha zingine za Kinya? Kuna ya kitambulisho. Kuna moja ya kwaya, amenona, na nywele zake, kabla hajazaa. Akiwa na watoto hakuna. Simu ilikufa na yote ilikuwa nayo. Iko album tu. Na album nimeitazama kurasa zote, si mara moja. Niko mimi. Niko mimi nimebeba Mwenda, mimi na Nkatha kwa maji, mimi kwa treni. Mpaka yule simba yuko. Kinya hayuko hata kwa moja.

Sasa Nkatha ako darasa la tano, shule ya hapa Nkubu. Mwezi uliopita mwalimu wake, mwalimu Gitonga, aliwaambia waandike insha juu ya siku ya furaha. Akarudi mbio na daftari.

"Cucu, kaa chini nikusomee!"

Akasoma. Anasoma vizuri kuliko mimi. Ameandika, siku moja cucu yangu alinipeleka Nairobi mahali pa michezo. Cucu alinibeba. Cucu alinipandisha treni. Cucu alilipa pesa nyingi kwa sababu ananipenda. Sitasahau siku hiyo.

Chini mwalimu ameandika na kalamu nyekundu: Kazi nzuri. Hongera kwa cucu.

Nikamwambia, "Nkatha, si mimi. Ni mama yako alikupeleka."

"Mama alikuwa huko?"

"Alikuwa. Ndiye alipanga yote. Ndiye alilipa."

Akaenda akaleta album. Akafungua ile ya treni. "Alikuwa wapi?"

Nikamwonyesha na kidole. "Unaona hapa vile unatazama mbele unacheka? Unamtazama yeye. Ndiye alikuwa ameshika simu."

Akaiweka karibu na macho.

"Simwoni, cucu."

"Najua."

"Kwa nini hakuna mtu alimpiga yeye?"

Nikamwambia simu ilikuwa moja tu.

Akakubali. Nkatha ni mtoto wa kuamini. Akafunga album akaenda kuchota maji.

Wewe kijana uliyeuliza, sikukatazi. Ukitaka kupeleka watoto wa miaka miwili na mitatu peleka, lakini ujue ni wewe unaenda. Wao wataenda kwa pazia na mchwa, na hivyo viko kwako. Usiweke ndani yao kitu unataka kikae. Hakikai. Mimi nimetafuta kwa huyu mtoto, nimemuuliza kila upande, hakuna.

Na mkiwa mahali kama hapo, yule anapiga picha tangu asubuhi, mnyang'anyeni hiyo simu. Awe mgonjwa, awe amekonda, awe na kitambaa kichwani. Mnyang'anyeni mmsimamishe na watoto wake. Haya ya watu wa foleni inaisha ukifika kwa gari. Hata nyuso zao siku hizi siwezi kuzikumbuka, isipokuwa ya yule mama aliyevuta mtoto wake.

Sasa nauliza, na mnijibu ukweli, hata kama ni mchungu. Kama kuna mtu hapa alifiwa na mama akiwa mdogo hivyo: ungetaka cucu yako akuambie? Kwamba mama yako alitaka kuingia kwa picha, akaomba na macho, na mimi nikasema wacha?

Ama nimwache Nkatha na hiyo ya simu ilikuwa moja?

Mimi niko na miaka mingi, na nikienda bila kusema hakuna mwingine anajua. Wafula labda, na yeye alishasahau.

Karibuni mchangie. Nitasoma zote, polepole.