Uso wa Mama Kwenye Shuka la Tamasha

Nilifanywa shefu, yaani kiongozi, wa kikundi cha michoro na mapambo kwa sababu ya sauti yangu, si kwa sababu ya mkono wangu. Katika taasisi yetu hapa Bunia walikuwepo wanafunzi waliochora kunishinda, na kila mtu alijua. Lakini tamasha la filamu la vijana lilihitaji mtu wa kugombana na wenye ukumbi, kuazima ngazi kwa masista na kuwaamsha wavivu, na kwa kelele sina mpinzani. Mwalimu mmoja akasema, "Mupatie ule dada." Kichwa kikanivimba siku hiyohiyo.

Mwenye mkono alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, mkaaji wa mtaa wa Mbunya, mpole hata unaweza kusahau kwamba yumo chumbani. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Nikauzoea huo ukubwa upesi mno.

Kazi yetu kubwa ilikuwa shuka la kutundika mbele ya ukumbi. Kuchapisha bango ni mambo ya wenye uwezo. Sisi tulifanya kama tunavyofanya siku zote: tukashona mashuka ya kitanda yaliyochakaa yakawa kitambaa kimoja kipana, tukayapaka uji wa muhogo ili yakakamae, juu yake rangi nyeupe, kisha mchoro. Nilitaka katikati pakae uso mmoja mkubwa wa mama anayetazama filamu, mwanga umempiga usoni. Wakaniuliza, mama gani? Nikamgeukia yule msichana nikamwambia, "Chora mama yako." Siwezi kumsingizia mtu mwingine maneno hayo.

Mama akaja. Alikuwa mjane, muuza unga wa muhogo, na alitufikia kutoka sokoni unga bado umemshika mikononi. Tulimketisha kwenye benchi karibu na dirisha. Mwanzoni aliona haya, akawa anajificha nyuma ya kiganja kila tukimtazama. Baada ya chai na mandazi akageuka akawa yeye ndiye shefu.

"Musisahau hii kovu ya kwa shavu," akasema. "Nilianguka kwa jiwe ya kusagia, nikiwa mutoto. Musipoiweka, batu watasema si miye."

Tulicheka sana. Uso ulipoanza kutokea kwenye kitambaa aliacha kucheka, akasimama mbele yake muda mrefu, akauliza kama watu wataona kutoka barabarani. Binti yake akamwambia wataona. Basi, akasema, atakuja na mama wote wa kwaya yake. Tangu hapo msichana alifika kila asubuhi na salamu ileile: mama anauliza, shuka imekauka?

Ilipobaki kazi ya herufi tu, tulilitundika kwenye ua wa miti, upande wa barabara, lipate upepo. Motari mmoja, mbeba abiria kwa pikipiki, akapunguza mwendo, akaweka mguu chini, akatazama. Akamwambia abiria wake, "Huyu mama ni wa kule," akaelekeza kwa kidevu.

"Na wa kwetu iko wapi?" abiria akajibu. Wakacheka, wakaenda zao.

Ni hayo tu. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe. Lakini aliyekulia hapa anajua kwamba katika mji huu watu husoma uso kabla ya kuuliza jina. Wakiona pua na paji na shingo, wamekwisha kukuweka upande wako, na wakati wa vita usomaji huo uliua watu. Kichwani nikaliona shuka limechanwa, nikaona tamasha linaitwa la watu fulani, nikajiona midomoni mwa mji. Nikisema kweli, nilijiona mimi kwanza, na shuka baadaye.

"Tutabadilisha uso," nilimwambia msichana. "Iwe uso ya mutu yeyote."

Akanitazama. "Yaya, mutu yeyote njo nani?"

Nikamwambia huu si wakati wa mafumbo.

"Na mama, nitamwambia nini?"

"Weye usiseme kitu. Nitafika kwenu, nitamwambia miye mwenyewe."

Akatumbukiza brashi yake kwenye kopo la maji, akaenda kuosha mikono, na siku hiyo hakurudi. Basi nikaifanya kazi kwa mkono wangu, huo mkono usiosifiwa na mtu. Nikaigeuza pua. Nikaigeuza midomo. Shingo nikaificha kwa kumpandishia kola. Kovu la shavuni liliondoka kwa pigo moja tu la brashi, na hata sasa nikishika brashi pana nalikumbuka pigo hilo. Funika kombe mwanaharamu apite, nilijiambia. Uso uliotokea ulikuwa laini, mzuri, wa mtu asiyezaliwa na yeyote. Aibu yangu kubwa ni kwamba niliupenda. Nilirudi nyuma, nikainamisha kichwa upande kama fundi anayejisifu.

Mbunya si mbali. Motari angenifikisha kabla chai haijapoa. Lakini kulikuwa na mvua, kulikuwa na ngazi ya kurudisha, kulikuwa na viti na waya na mashine ya kuonyeshea filamu. Ahadi ni deni, na mimi nikawa mdaiwa wa njia za panya: nilizunguka nyuma ya soko ili nisipite kwenye meza yake ya unga. Msichana alirudi kazini, akachora herufi zote kwa ustadi, akaniitikia kila nilichomtuma. Hakuniuliza kama nimefika kwao. Nikauchukua ukimya wake nikauita ruhusa, na nilijua kabisa kwamba haukuwa ruhusa.

Alasiri ya tamasha, mbele ya ukumbi, pale mtaa wa Shari, vumbi lilikuwa limetulia kwa mvua ya mchana na watu walikuwa wengi. Mzee wa kamati ya tamasha alisimama mbele ya shuka, akanishika bega. "Hii uso ni ya batu bote," akasema. "Shefu, umefanya akili." Watu wakapiga makofi. Msichana alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, anafuta rangi kwenye kucha zake, na sikumwita aje asifiwe wala sikukataa sifa.

Ndipo nikaona kitenge cha sare kinakuja kutoka barabarani, kundi zima la mama wa kwaya, naye katikati, kilemba kipya kichwani. Wenzake walikuwa wanamsukumasukuma kwa utani. Alipofika akatazama shuka. Akatazama pembe hii, akatazama pembe ile, kama mtu anayetafuta mtoto wake mbele ya shule. Kisha akaniona, akanijia peke yake.

"Mutoto yangu," akasema kwa sauti ndogo, "miye niko fasi gani?"

Sauti yangu, ile iliyonipa ushefu, haikutoka vizuri. Nilimwambia yuko chini ya rangi. Nilimwambia habari ya motari na abiria wake, nikamwambia niliogopa maneno ya watu. Nilimwambia pia kwamba nilipaswa kufika kwake na sikufika. Nikasema, "Munisamehe, mama."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tu.

"Wakati ya vita," akasema, "tukifika kwa bariere, pale wale wa bunduki walifunga njia, nilikuwa nafunika uso na kitambaa. Kwa hii shuka, nilikuwa nawaza sasa nitaufungua."

Nilitamani anipige kofi. Nyuma yake mama wa kwaya walikwisha kuchoka kungoja, wakaanza kuita, "Uko wapi? Tuonyeshe basi!"

Aligeuka. Nikajua sasa atasema, na atakuwa na haki ya kusema mbele ya wote. Akainua mkono, akauelekeza kwenye ule uso wangu laini.

"Miye njo huyu!" akasema, anacheka. "Batoto ya siku hizi! Wamenifanya kijana!"

Wakapiga vigelegele. Mmoja akasema kweli, macho ni yenyewe. Wakamvuta mbele ya shuka, wakajipanga pande zote mbili, binti yake wakamshika naye wakamweka ubavuni mwa mama yake. Msichana hakunitazama. Halafu mtu akatafuta wa kupiga picha, na simu ikatiwa mkononi mwangu kwa kuwa nilikuwa karibu.

Nikapiga. Mama akaja kutazama, akainamia kioo cha simu, akaniomba nipige tena, kwa sababu alikuwa amefumba macho.