Dobi Aliyeiogopa Pasi Yake

Wiki tano baada ya kujifungua, dobi alianza kuiogopa pasi. Kila alipoishika, picha ilimjia: pasi ile juu ya mwili wa mtoto. Siku moja aliizima, akamkabidhi mama mkwe wake mtoto.

"Mama, usiniache naye peke yangu."

"Uchovu tu huo, mwanangu. Lala kidogo."

"Silali hata yeye akilala. Naogopa nitamuunguza."

 Mama mkwe akamfunga mtoto mgongoni. "Twende zahanati. Wateja watavaa mikunjo yao leo."

Njiani dobi alikuwa na hakika kwamba watamnyang'anya mtoto, lakini walipofika alisema yote. Muuguzi alimuuliza kama anasikia sauti zikimwamuru, au kama anataka kumdhuru mtoto au kujidhuru.

"Hapana! Kumdhuru ndicho ninachokiogopa."

"Basi huo ni ugonjwa, dada. Huwapata wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Mtoto ni wako."

Alipewa dawa isiyomzuia kunyonyesha, na siku ya kuja kuzungumza na muuguzi kila wiki. Mwezi wa pili wa matibabu alimwogesha mtoto peke yake, mlango ukiwa bado wazi.