Mama Mbio na Mgonjwa wa Dirishani

Pale wodi ya wanawake walimwita Mama Mbio, maana hakuna aliyewahi kumwona akitembea kama watu. Alikuwa daktari wa makamo, mwembamba, viatu vimelika visigino, na mfukoni mwa koti hakukosa vipande vya biskuti vya kutafuna huku akisoma mafaili. Wenzake wawili walikuwa wameacha kazi mwaka ule. Mmoja alikwenda ng'ambo, mwingine akafungua duka la magodoro, na zamu zao zote zikamwangukia yeye. Akiuliza ataletewa lini msaidizi, daktari mkuu humjibu, "Vumilia kidogo, dada yangu." Hicho kidogo hakikuwa na mwisho.

Nyumbani, mumewe, mwalimu, alikuwa mtu mwema, ila walipishana mlangoni, huyu anaingia, huyu anatoka. Ndugu zake walimpigia simu sana. Kila simu ilianza na salamu, ikaishia kwenye kidonda cha mtu. Yeye mwenyewe aliposhikwa na homa kali, alimeza vidonge akaendelea na raundi.

Ndipo akaletwa fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa nimonia, akapewa kitanda cha dirishani. Siku za mwanzo hali ilikuwa mbaya, na Mama Mbio alimpigania kwelikweli. Lakini alipoanza kupata nafuu, wodi ikageuka sebule yake. Asubuhi dada yake alikuja kumchana nywele na kumpaka mafuta miguuni. Mchana alikuja mumewe, seremala mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akamlisha kwa kijiko huku akimtania: "Meza, mke wangu, usije ukaniachia mama yako!" Mama mkwe mwenyewe ameketi papo hapo. Alimchapa kofi la begani, wakacheka wote mpaka mgonjwa akashikwa na kikohozi.

"Wewe kazi yako ni kupumzika tu," walimwambia kila mara.

Maneno hayo yalimchoma Mama Mbio. Alikuwa kitanda cha pili, anajifanya kusikiliza kifua cha bibi mmoja, kumbe masikio yote yako dirishani. Yeye aliambiwa lini apumzike? Alimwona fundi akiinua mkono, akapewa maji hata kabla hajasema, na kitu kikamwingia moyoni. Mwanzo alidhani ni uchovu. Kisha akakitambua. Ulikuwa wivu, tena wa kumwonea mtu mwenye dripu mkononi.

Kuanzia hapo akawa anampita harakaharaka. Fundi akiuliza jambo, anajibiwa kwa mkato. Seremala alipomwambia, "Daktari, Mungu akubariki, umenirudishia mke wangu," alisema tu, "Msikae kitandani, viti vipo," akaenda zake, akajichukia korido nzima.

Asubuhi moja, kwenye raundi, alichukua faili la fundi akaandika aruhusiwe.

Muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene wa sauti ya chini, alimtazama. "Daktari, homa imeshuka jana tu."

"Kitanda kinahitajika, sista."

"Sawa, kinahitajika. Lakini yule wa kona amepona siku nyingi, anamngoja mwanawe tu aje kumchukua. Si tumtoe yeye?"

"Nimeshaandika."

Alidhani akimwondoa machoni atatulia. Badala yake alijikuta amesimama dirishani, anawaangalia wakivuka uwanja: dada kabeba beseni, seremala kamshika mkewe kiuno, mama mkwe nyuma yao kawakingia mwavuli. Wivu ukampanda maradufu.

Haikuisha wiki, fundi akarudishwa. Seremala alimbeba mwenyewe mpaka mlangoni, mkewe pumzi zinamkatika. Mama Mbio alikuja mbio. Oksijeni, sindano, dripu upya, na hakubanduka pale mpaka kifua kikatulia. Seremala hakumlaumu. Alisema, "Pole, daktari, tunakusumbua." Pole hiyo ndiyo iliyomvunja.

Alijifungia stoo ya mashuka. Muuguzi mkuu akamfuata.

"Sista, sikumtoa kwa ajili ya kitanda. Nilimwonea wivu."

"Wivu wa nini?"

"Anapewa pole. Analala, na watu wanamlinda akilala."

Muuguzi aliketi juu ya furushi la mashuka. "Mimi huwaonea wivu wanaopigwa nusukaputi," alisema. "Nikiwaona wanavyozimika, natamani nisogezewe nafasi na mimi." Wakacheka, daktari machozi yakimtoka. Kisha muuguzi akakaza uso. "Lakini mimi sijamtoa mtu kwa hilo. Wewe umefika pabaya. Nenda kwa mkuu, umwambie vilevile ulivyoniambia. Usipunguze."

Alikwenda. Daktari mkuu alipoanza, "Vumilia kido—" akamkatiza. "Mzee, nimemtoa mgonjwa ambaye hajapona, kwa sababu ya wivu. Kesho sijui nitamfanya nini mwingine."

Mzee akavua miwani. Akasema hata yeye hakumbuki lini alikula meza moja na wanawe. Akampa likizo, akaazima daktari kijana kutoka kituo cha jirani.

Kabla ya kuondoka, Mama Mbio alikwenda kwa fundi, akamwambia kwamba alimruhusu mapema mno na kosa ni lake. Habari ya wivu ilimshinda kuitamka. Fundi alimpima kwa macho, juu mpaka chini, kama anayekata gauni.

"Na wewe unaumwa, daktari," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nani anakutibu?"

Mama Mbio akamrekebishia shuka, akaenda zake.

Nyumbani alilala fofofo. Mumewe aliomba ruhusa shuleni akakaa naye, na mwanzo walikuwa kama wageni, kila mmoja anatafuta la kusema, mpaka wakalipata. Lakini kesho yake alishindwa kujizuia, akapiga simu wodini.

"Salama kabisa," alisema muuguzi mkuu. "Fundi anakaa kitako mwenyewe sasa. Na huyu kijana, wagonjwa wanampenda huyo! Anakaa nao, anawasimulia vituko. Yule bibi wa kifua anataka amwoze mjukuu wake."

Mama Mbio alikaza mkono kwenye simu. "Vituko? Muda anaupata wapi?"

"Daktari," alisema muuguzi, "lala." Akakata simu.