Sifuri Mbili Katika Daftari la Mvua

Niliripoti kazini Ibaba siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa na barua ya ajira mfukoni na viatu vilivyojaa tope la Ileje. Ninaitaja saa kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya saa. Cheo changu, kwa usahihi, kilikuwa karani wa takwimu katika kituo cha kilimo. Wengi tangu wakati huo wameniita mtabiri wa hali ya hewa, jambo ambalo sikuwahi kuwa. Sikutabiri mvua hata siku moja. Niliipima ikishanyesha.

Mkuu wa kituo, ambaye sote tulimwita Bwana Shamba, alikuwa mtu mrefu wa kaptura ya kaki na soksi zilizopanda hadi magotini. Hakuniuliza habari za safari. Alinipeleka nyuma ya ofisi, penye ua mdogo wa seng'enge, akanikabidhi vitu vinne huku akivihesabu kwa sauti: ufunguo wa lango la ua, gilasi ya kupimia, penseli iliyofungwa uzi, na daftari la mvua lenye jalada gumu. Nilisaini kwa kila kimoja.

Kwa wasiowahi kukiona, kipima mvua kilikuwa mtungi wa shaba uliozikwa nusu ardhini. Mdomoni kilikuwa na faneli, na ndani chupa ya kupokea maji. Maji hayo uliyamimina katika gilasi nyembamba yenye mistari ya milimita, ukaisimamisha mahali palipo sawa, ukainama mpaka jicho likawa usawa wa maji, ukasoma pale yanapobonyea katikati. Maji hupanda kidogo kwenye kingo za gilasi, na karani anayesoma kingo huwapa wakulima mvua ambayo hawakuipata. Ulichokisoma asubuhi ulikiandika kwenye mstari wa jana, kwa kuwa ndiyo mvua ya jana.

"Saa tatu kamili," Bwana Shamba aliniambia. "Saa tatu na dakika tano umeshachelewa."

"Na Jumapili, mzee?"

"Mvua inasali wapi?"

Kisha nikauliza itakuwaje nikiugua.

"Ukiugua, weka kistari. Sifuri maana yake ulikwenda, ukatazama, hapakuwa na kitu. Kistari maana yake hukutazama. Hayo mawili usiyachanganye mpaka unaingia kaburini."

Nilitumia penseli kwa sababu wino huyeyuka ukidondokewa na maji. Ufutio haukuwemo katika vile vitu vinne, na haukusahauliwa. Kosa halikufutwa. Lilikatwa kwa mstari mmoja mwembamba ili lililoandikwa mwanzo lisomeke, lililo sahihi likaandikwa juu yake, na karani akatia jina lake na tarehe pembeni. Leo nikiwasikia vijana wakisema "nimeshadiliti", huwa natafuta pa kuegemea.

Katika mwezi wa pili nilikuwa nimekwisha kuwa saa ya kijiji. Nilipofungua lango la seng'enge, wanawake waliokuwa wakielekea mashambani walijua ni saa tatu. Hapo ndipo lilipozaliwa jina langu la Bwana Mvua, ambalo halikuwamo katika muundo wowote wa utumishi. Aliyenipa ni jirani wa kituo, mkulima wa pareto aliyeitwa Mama Atupele. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kindali, na ulimi wake haukuwa na breki. Alisimama kwenye seng'enge kila asubuhi, jembe begani.

"Bwana Mvua, leo ngapi?"

"Kumi na nane, mama."

"Kumi na nane tu? Kwangu imeingia mpaka kitandani. Hiyo gilasi yako ina choyo."

Na wakati wa kiangazi:

"Leo ngapi?"

"Sifuri."

"Basi andika barua kwa mkubwa wako, atuongezee."

Tarakimu yangu iliondoka pale pamoja naye. Ilipofika kwenye mashine ya kusaga ilikuwa imeshakua. Kumi na nane imekuwa ishirini na tano. Nilijaribu kusahihisha jambo hilo kwa miezi kadhaa, kisha nikaliacha. Watu walikuwa wanaizungumza mvua yao kwa namba, na namba ilitoka mkononi mwangu. Sijawahi kupata heshima nyingine iliyokuwa karibu na hiyo, pamoja na vyeti vyote nilivyotundika ukutani.

Sasa niandike lililonifanya nishike kalamu.

Katika masika ya kwanza, nikiwa bado katika muda wa majaribio, Bwana Shamba alikwenda likizo. Dada yangu kule Mbozi alikuwa anabatiza mtoto wake, nami nilikuwa baba wa ubatizo. Jumamosi, baada ya kupima, nilipanda lori la mazao bila ruhusa ya maandishi, maana wa kuniandikia hakuwepo. Nilirudi Jumatatu, ikikaribia saa tatu. Lango la seng'enge lilikuwa wazi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeliacha wazi. Ng'ombe alikuwa ameingia. Kipima mvua kilikuwa kimelala ubavu, faneli huku, chupa kule, ndani hakuna tone.

Ardhi ilikuwa imelowa. Sitasema kwamba sikuona.

Utaratibu ulikuwa wazi. Ningeweka vistari viwili, Jumamosi na Jumapili, kisha ningeandika barua ya maelezo kueleza lango, ng'ombe na ubatizo. Barua hiyo ingefika kwa Mkaguzi wa Vituo, na yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu kuthibitishwa kwangu kazini. Nilikisimamisha kipima mvua, nikakipangusa kwa leso, nikaandika sifuri mbili. Zilikuwa za duara nzuri kabisa.

Adhuhuri hiyohiyo Mama Atupele alinieleza kuwa mvua ya Jumapili alasiri ilichukua daraja la magogo kwenye kijito kinachotenganisha kijiji na zahanati. Penseli ilikuwa palepale, imening'inia kwenye uzi wake. Ningeweza kuzikata sifuri zile ndani ya dakika moja. Alhamisi Mkaguzi alifika, akafunua daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa mzima.

"Hakuna kistari hata kimoja," alisema. "Hivi ndivyo ninavyotaka vituo vyangu vyote." Akatia saini. Nilithibitishwa kazini.

Wanakijiji waliomba daraja la kudumu. Baada ya mavuno alikuja afisa wa wilaya aliyesimamia njia na madaraja, akaitisha mkutano mbele ya ofisi yetu, na kwa kuwa alikuwa mtu makini aliomba daftari la mvua. Alilisoma amesimama.

"Daftari la serikali linasema Jumamosi na Jumapili hapakunyesha hata tone. Daraja lenu halikuchukuliwa na maji. Limechukuliwa na uzembe, au na majiko yenu."

Watu waliguna. Mama Atupele alisimama.

"Bwana Mvua huyu hapa. Mwulizeni."

Nyuso zote zilinigeukia, pamoja na ya Bwana Shamba, aliyekuwa amesharudi kutoka likizo.

"Ndivyo daftari linavyosema," nilijibu.

"Sikuuliza daftari," alisema Mama Atupele, akaketi.

Daraja halikujengwa. Waliweka tena magogo, yakachukuliwa tena, na katika miaka iliyofuata watu waliokwenda zahanati walivuka kwa miguu, wakishikana mikono. Mama Atupele aliteleza pale na kuvunjika mguu, na tangu hapo anachechemea. Bwana Shamba hakuniuliza kitu. Asubuhi moja tu alikuja uani saa tatu kamili, akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza kusoma gilasi, akaondoka. Mama Atupele aliendelea kupita kila asubuhi na jembe lake, akanisalimu kama inavyopasa, lakini hakuniuliza tena, "Leo ngapi?" Ninaposoma watu wakilalamika kuwa desturi nzuri zimeuawa na simu na kompyuta, huwa nakubali, kisha nakumbuka kwamba hiyo moja niliiua mwenyewe, kwa penseli.

Baada ya Ibaba nilihamishiwa Mlowo. Huko kipima mvua kilikuwa katika uwanja wa kununulia mazao, na shida ilikuwa ya namna nyingine. Siku moja nilikuta faneli haipo. Nilizunguka maduka mpaka nikaiona kwa muuza mafuta ya taa, akijazia chupa za wateja.

"Mzee, hii niliiona imekaa tu," aliniambia. "Haina kazi."

"Ilikuwa inasubiri mvua."

"Basi na isubiri nimalizie foleni."

Nilisubiri foleni ikaisha. Kisha niliiosha kwa sabuni na majivu, nikaweka kistari cha siku hiyo, nikaandika pembeni sababu yake kwa ukamilifu. Mkuu wangu wa Mlowo, Afisa Kilimo mwenye haraka nyingi, alisema hakuna atakayesoma maelezo yale. Huenda. Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mpemba. Malori ya kwenda mpakani yaliitikisa ardhi hata maji ya gilasi yakacheza, nami nilijifunza kusubiri yatulie. Katika vituo hivyo viwili hakuna tarakimu hata moja ya kubuni. Ninalisema hili kwa kumbukumbu, na ninajua halirekebishi la kwanza.

Nilipostaafu, kazi yangu haikurithiwa na mtu. Gilasi, penseli ya uzi, kadi ya jumla ya mvua tuliyoitia posta kila mwisho wa mwezi, saa ya ukutani iliyojazwa kwa ufunguo, vyote vilikwenda bila hafla ya kuagana. Madaftari ya zamani yalikusanywa yafungiwe karanga sokoni. Niliomba kwa barua, nikakabidhiwa yale ya vituo vyangu, nikasaini. Yamo katika sanduku la bati chini ya kitanda changu hapa Mlowo. Wajukuu hunionyesha simu inayosema uwezekano wa mvua ni asilimia kadhaa. Asilimia ya nini, imeangukia wapi, nani amekwenda kutazama? Wananiambia nisikasirike. Sikasiriki. Nimechoka tu.

Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, alinijia mhandisi, binti mwenye adabu, kofia ngumu mkononi. Alikuwa amekwisha kunijia mara moja kunakili madaftari ya Ibaba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umesahau kitu?"

Alieleza kuwa hatimaye kijito kile kitajengewa daraja la zege. Urefu wa nguzo hutegemea mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa mahali pale. Siku hizi pana kituo kinachojiendesha, mlingoti mweupe wenye sola, lakini takwimu zake za masika yote ya mwisho zilikuwa sifuri tupu. Alipanda kuangalia akakuta ndege wamejenga kiota kwenye faneli.

"Na mashine ikaandika sifuri?" nilimuuliza.

"Ndiyo, babu. Kwake hakuna maji maana yake hakuna mvua."

Ningetaka kusema mengi. Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu mashine isiyojua kistari. Niliiacha, na nadhani msomaji anajua kwa nini.

"Basi nimefuata madaftari yako," aliendelea. "Kuna wikiendi moja tu inayonisumbua. Kuna bibi kule anasema maji yalipita juu ya daraja la magogo, juu kuliko nguzo nilizochora. Kwako ni sifuri siku zote mbili. Nilimwonyesha. Akaniambia nikuulize wewe, nisiulize daftari."

"Anachechemea?"

"Ndiyo."

Nilikwenda chumbani, nikavuta sanduku, nikarudi na daftari. Mhandisi alinipa kalamu yake ya wino, nikamrudishia. Penseli ninayo. Nilizikata sifuri mbili kwa mstari mmoja mmoja, juu yake nikaweka vistari viwili, pembeni nikatia jina langu na tarehe ya siku ile, si ya wakati ule. Kisha nikamweleza lango, ng'ombe na ubatizo, kwa mpangilio, kama nilivyopaswa kumweleza Mkaguzi.

"Kwa hiyo zilikuwa milimita ngapi, babu?"

"Sijui. Hakuna atakayejua. Rudi kwa Mama Atupele, akuonyeshe maji yalifika wapi, uchore upya kuanzia hapo. Na nakala ya ukurasa huu iweke katika faili lako, pamoja na jina langu."

Alipiga picha ukurasa ule, akaaga.

Baada ya siku chache alinipigia simu kutoka Ibaba. Nilisikia upepo na sauti za watu wa vipimo. Alisema Mama Atupele alimpeleka ng'ambo ya kijito, akamwonyesha jiwe lililokaliwa na uchafu wa mafuriko ya Jumapili ile, na nguzo zitapandishwa. Alisema pia alimsomea yale niliyoyaeleza.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Hakusema kitu kuhusu hilo. Huku jana usiku imenyesha, babu, mvua isiyo ya msimu wake. Anauliza leo ngapi."

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Nilitazama nje, uani kwangu, ambako hakuna mtungi wala seng'enge.

"Mwambie sikutazama," nilijibu. "Mwambie ni kistari."

Nilimsikia akilifikisha neno langu. Kisha nikasikia, mbali na simu, sauti yenye lafudhi nzito ya Kindali ikisema kwamba kwake imeingia mpaka kitandani.