Mgeni Aliyemtazama Mdogo Wangu Akila

Mwanamke wa ustawi wa jamii alifika kwetu bila kalamu, na hilo ndilo lililomtia mama wasiwasi kwanza. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Kisumu, miaka ya sabini ikianza, na kila afisa aliyewahi kubisha pale alikuwa na kalamu na karatasi. Huyu alikuwa na mkoba mdogo na mwavuli. Alisema ametumwa na hospitali kuwasaidia wazazi wenye watoto kama mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita na hakuwa akizungumza. Alipanga vizibo vya soda kwa mstari kando ya ukuta, na ukigusa kimoja alilia mpaka sauti ikamkauka. Hospitali haikuwa na jina la hali hiyo, au ilikuwa nalo na haikutuambia.

Mama alizungumza Kijaluo, mgeni alitoka upande wa Murang'a na hakukijua. Baba alikuwa safarini na treni, kwa hiyo mimi, binti wa darasa la saba, nikawa mkalimani. Mama alipakua ugali na samaki. Mgeni alishukuru, akasema ameshiba, akavuta kigoda karibu na mdogo wangu na kumtazama akila, tonge baada ya tonge. Mama aliacha kutafuna.

Kwetu, asiyekula hamtazami anayekula. Wapo watu wenye jicho baya la chakula. Wakikukazia macho mdomoni, tonge huganda tumboni na kuuma mpaka mtaalamu akuchanje kwa wembe alitoe. Pengine mgeni hakuyajua hayo. Pengine aliyajua. Kwa mama ilikuwa mamoja.

Jioni ile tumbo la mdogo wangu likauma.

"Serikali imeanza lini kupenda watoto wetu?" akauliza jirani yetu, muuza omena, dagaa wa ziwani. "Kwanza wanatazama, halafu gari linakuja. Kuna nyumba huko Nairobi, nasikia, mlango unafungwa kwa nje."

"Wa kunichukulia mtoto hajazaliwa," mama alisema.

"Amezaliwa. Ana mwavuli."

Mama alimpeleka mdogo wangu kwa mtaalamu huko Katito, wakarudi na chale tumboni mwa mtoto.

Mgeni aliporudi, sahani ilitangulia salamu. "Mwambie ale," mama aliniagiza. "Na ale kabla ya mtoto."

"Mama anasema karibu chakula," nilitafsiri.

Mgeni alimtazama mama, akanawa, akala mpaka kichwa cha samaki. Mama hakuondoa macho kwake.

Ndipo mafundi waliokuwa wakiezeka nyumba ya pili wakaangusha bati. Mdogo wangu alipiga ukelele, akaanza kugonga kichwa ukutani. Mama hakusogea, nami nilijua kwa nini. Nyuma ya pazia kulikuwa na nusu gunia la mahindi. Mtoto akifika hali ile, mama humlaza mkekani na kumwekea gunia mapajani, na uzito ule humtuliza. Hatukuwahi kufanya hivyo mbele ya mtu. Mtu angeona mwanamke anayemkandamiza mwanawe kwa gunia, na huyu aliyekuwa ameketi mbele yetu ndiye angeweza kuita gari.

Mtoto aligonga tena. Damu ikatoka juu ya jicho.

"Funga mlango," mama alisema, akaliburuta gunia.

Kilio kikapungua, kikawa mguno, kikaisha. Mgeni alikuwa ameketi sakafuni, mbali kidogo.

"Nani alimfundisha mama?"

"Hakuna," mama akajibu kupitia kwangu. "Aliingia mwenyewe chini ya magunia siku moja, nikamkuta ametulia."

"Na mama akichoka, nani humpokea mtoto?"

Mama alinigeukia kana kwamba nimeongeza maneno yangu. "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Anataka kujua ya nini?"

Mgeni alieleza polepole. Alikuwa akimtembelea mama mwingine, huko Mamboleo, mwenye binti wa namna hii. Mama huyo alidhani ni yeye peke yake duniani. "Ningependa aone gunia hili."

"Anatafuta mashahidi," mama aliniambia. "Hilo usitafsiri."

Alimfuta mtoto damu kwa ncha ya leso.

"Mwambie amlete huyo wa Mamboleo. Lakini aje na mtoto wake, nione kwa macho yangu kwamba bado yuko naye. Na waje kwa miguu. Nikisikia gari, hawatatukuta."

Kabla ya siku waliyoagana, mama alifunga nguo za mdogo wangu kwenye kitambaa na kuziweka kwa jirani, karibu na mlango wa nyuma.

Walikuja watatu: mgeni, mwanamke mwembamba aliyetota jasho, na msichana aliyeziba masikio kwa viganja vyote viwili. Mama aliwachungulia dirishani. Kisha akaitazama barabara nyuma yao, hadi mwisho wake, ndipo akafungua.